Miezi Mitano na Silabi Moja

"Beti, umewasha moto kwenye udongo."

Beti kwa Kihindi ni binti. Aliyeniita hivyo alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambaye mtaa mzima ulimwita Mataji, yaani mama kwa heshima. Nilikuwa nimeketi juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, chumbani kwake Swarg Ashram, ng'ambo ya mashariki ya mto Ganga, Rishikesh, India. Ilikuwa Januari 2017. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mto hatukuuona, tuliusikia tu. Alikuwa ameniambia nitamke bija ya chakra ya chini kabisa (chakra ni kituo cha nguvu mwilini), na mimi nilikuwa na hakika kwamba nimetamka lam. Yeye alisikia ram.

Mtu mwingine angeona tofauti hiyo ni ndogo. Kwa Mataji ilikuwa sawa na kubisha hodi kwenye nyumba isiyo yako. Lam ni bija ya ardhi, na mahali pake ni muladhara, kwenye mzizi wa uti wa mgongo. Ram ni bija ya moto, na makao yake ni manipura, usawa wa kitovu. Kati yao iko vam, ya maji. Juu ya moto kuna yam ya upepo kwenye moyo, kisha ham ya anga kwenye koo, halafu Om katikati ya nyusi. Bija maana yake mbegu. Kila moja ni silabi moja tu, na ukimwomba Mhindu akutafsirie lam atakutazama kama umemwomba atafsiri harufu ya mvua. Haitafsiriki. Inatamkwa.

Na mimi ni Mkurya wa Tarime. Lugha ya mama yangu haina l.

Watu wa kwetu wanalijua hili kwa uchungu. Nikiwa darasa la tatu, mwalimu alinisimamisha nisome sentensi moja fupi, "Lulu alilala." Ikatoka "Ruru arirara." Darasa likaangua kicheko. Akaniambia nirudie, nikarudia, wakacheka tena, akaniambia nirudie tena. Hakunionyesha ulimi uende wapi. Tangu siku ile nilijifunza kuyazunguka maneno: badala ya kulala nilisema kusinzia, badala ya lini nilisema siku gani. Kufika chuo kikuu l yangu ilikuwa nzuri nikiwa makini. Nikichoka au nikiogopa, r ilirudi yenyewe, na mwaka ule India nilikuwa nimechoka kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Nilifika Dehradun Julai 2016 kusomea shahada ya uzamili ya misitu. Usingizi uliniacha katika mwezi wa pili tangu nifike. Nilikuwa napata usingizi wa saa tatu kwa usiku, nne nikibahatika, nikisikia mbwa wa mtaani wakibweka hadi alfajiri, nikihesabu siku za mitihani. Rafiki zangu wakasema Rishikesh si mbali, kilomita arobaini na kitu kwa basi, watu wanatoka dunia nzima kwenda kutafuta utulivu pale. Nikaenda. Nikalipia kozi ya chakra ya siku mbili. Ukutani palikuwa na bango la mtu aliyeketi akiwa na nukta saba za rangi za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi zambarau, na tukaambiwa tutafungua zote saba kabla ya Jumapili jioni. Mwalimu wa pale alituambia tukirudi makwetu tushike Om tu, katikati ya nyusi, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi.

Nilifanya hivyo wiki tatu, saa nzima kila usiku, nikiwa nimekaza macho chini ya kope kama mtu anayetafuta sindano gizani. Paji la uso likaanza kuniuma. Ule usingizi kidogo niliokuwa nao nao ukaondoka. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wanaosoma mambo haya wakiwa peke yao usiku, wenye hali kama yangu, na wanadhani maumivu ni dalili ya kufunguka. Yangu yalikuwa dalili ya kujikaza.

Msichana niliyesoma naye, mzaliwa wa Rishikesh, ndiye aliyenipeleka kwa bibi yake. Mataji alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno juu ya chakra. Aliniuliza nimekula nini tangu asubuhi, nikasema chai. Akaingia jikoni.

Alichotoka nacho kilikuwa mikate bapa, myeusi ya kahawia, imepakwa samli, bado inafuka moshi. Akaiita mandua ki roti. Nilipoukaribisha mmoja mdomoni niliijua ile harufu kabla ya kuonja. Ulikuwa ulezi. Ulezi wetu huu wa ugali, ambao mama huuanika juani kwenye jamvi na kutufukuza tusiuchezee. Watu wa milima ile ya Garhwal wameula vizazi na vizazi, na wengi wao huuhesabu kuwa ni nafaka yao ya asili, kumbe mimea ya kwanza ya ulezi ilifugwa na wakulima wa nyanda za juu za upande wetu wa Afrika, ikasafiri hadi India maelfu ya miaka iliyopita. Nilimweleza hivyo Mataji, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kihindi changu kibovu. Akaacha kupaka samli. Akasema, "Basi umekuja kwenu." Nilikula minne, na usiku ule nililala saa tano mfululizo kwenye godoro la wageni bila kutamka mantra yoyote, yaani neno takatifu la kurudiarudia.

Jumamosi iliyofuata ndipo tulipoanza, na ndipo nikawasha moto kwenye udongo.

Nilitegemea kicheko. Badala yake Mataji alifungua mdomo akanionyesha ulimi wake mwenyewe, bila haya yoyote, kama daktari wa meno. Wanasarufi wa Kisanskriti walizipanga herufi kwa mahali zinapozaliwa mdomoni, na mpangilio huo ni wa zamani sana. La huzaliwa kwenye meno. Ra huzaliwa juu, kwenye paa la kinywa. Ya ni ya kaakaa, va ni ya meno na mdomo, ha ni ya koo. Akaniambia niuegemeze ulimi nyuma ya meno ya juu, niuache pale, nisiutoe, kisha niipitishe sauti kandokando. "Ukigonga ukaondoka, ni ra. Ukikaa, ni la. Moto hauwezi kukaa. Ardhi haiwezi kuondoka."

Nimesoma sana maishani, lakini sikumbuki sentensi iliyonifundisha kitu kwa haraka hivyo. Miaka ishirini nilikuwa nadhani tatizo langu ni la ukoo, la damu, kumbe lilikuwa la kutokaa. Ulimi wangu ulikuwa unagonga na kukimbia.

L ilipopatikana, likaja tatizo la pili, ambalo si la Wakurya peke yao. Sisi Waswahili hatupendi neno liishie kwenye konsonanti. Nikasema lamu, kama kile kisiwa. Ham ikawa hamu. Mataji alikuwa akiinua kidole kila nilipoongeza ile u ya mwisho. Katika maandishi ya Kidevanagari ile m ya bija haiandikwi kama herufi kamili. Ni nukta juu ya herufi, na mara nyingine nukta juu ya mwezi mwandamo, kama kitone kinachoelea. Huiita bindu. Sauti yake haifungwi kwenye midomo ikaisha. Inapanda puani na kuendelea, inafifia polepole hadi hujui imeisha lini. Wazungu niliowasikia kwenye ile kozi waliikata, lam, kama mtu anayefunga mlango.

Hapa ndipo Kiswahili kilinisaidia. Sisi tunayo m inayosimama yenyewe kama silabi, m ya mtu, m ya mbwa. Tunayo pia ng' ya ng'ombe, inayotokea kule nyuma, juu ya koo. Nilipomwonyesha Mataji ile ng' peke yake, bila ombe, ndefu, alifumba macho. Akaniambia nianze na la, niipitishe kwenye m ya mtu, niimalizie kwenye ng' ya ng'ombe, na nisiimalize mimi, niiache iishe yenyewe.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilisikia mtikisiko mzito kifuani na chini ya tumbo, nikamkumbuka babu yangu. Alikuwa anapiga iritungu, zeze letu kubwa la nyuzi nane, lile ambalo wasio Wakurya huliita litungu. Sauti yake ni nzito hata ukikaa karibu unaisikia kwa mbavu kabla ya masikio. Utotoni nilikuwa naegemeza mgongo kwenye ukuta wa nyumba anapopiga, ili ukuta unitikise. Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo.

Kila Ijumaa jioni nilipanda basi kutoka Dehradun, kisha vikram, ile bajaji kubwa ya kuchangia, hadi kwenye daraja la Ram Jhula, nikavuka kwa miguu nikishika mfuko wangu kwa sababu ya nyani. (Ram ya daraja ni Rama, mungu mfalme, na a yake ni ndefu. Ya bija ni fupi. Mataji hakuniruhusu kuzichanganya hata hizo.) Tuliamka kabla ya mapambazuko, wakati wanaouita brahma muhurta, kama saa moja na nusu kabla ya jua kuchomoza. Baridi ya Januari pale chini ya Himalaya si mchezo. Tulinawa uso kwa maji ya mto, tukaketi.

Alinipa mala yake ya zamani ya mbegu za rudraksha, shanga 108. Huning'inizwa kwenye kidole cha kati na kuvutwa kwa dole gumba, na kidole cha shahada hakiguswi, kinakaa pembeni. Ipo shanga moja kubwa, sumeru, ambayo hairukwi. Ukifika hapo unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Japa, yaani kurudia mantra kwa hesabu, ina ngazi tatu: ya sauti, ya mnong'ono, na ya moyoni bila mdomo kutikisika, na vitabu vyao vya kale huisifu ya moyoni kupita zote. Mataji hakuniruhusu kuifikia ya moyoni kwa wiki saba. Alisema asiyesikia sauti yake kwa masikio hataisikia moyoni, atakuwa anawaza tu juu ya mantra. Alikuwa sahihi. Mara nyingi nilipojaribu kimyakimya kwa siri bwenini, ilikuwa r.

Nilipokuwa natamka nilipaswa kuweka fikra kwenye mzizi wa uti wa mgongo na kuona yungiyungi lenye petali nne, ndani yake mraba wa manjano. Mraba huo ndio ardhi. Nikamuuliza mbona bango la kozi lilionyesha nyekundu. Akatoa daftari lake, lililonakiliwa kwa mkono, la Shatchakra Nirupana, maelezo ya chakra sita, yaliyoandikwa na Purnananda huko Bengal mwaka 1577. Humo petali za muladhara ni nyekundu, lakini ardhi ni ya manjano. Petali za kitovuni zina rangi ya wingu zito la mvua. Upepo wa moyoni una rangi ya moshi. Chakra zenyewe ni sita, na lile yungiyungi la petali elfu juu ya kichwa limewekwa peke yake, nje ya hesabu. Maandishi hayo yalienea Ulaya baada ya jaji mmoja Mwingereza wa Calcutta, John Woodroffe, kuyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1919, na upinde wa mvua tunaouona leo kwenye mabango ulizaliwa baadaye, huko Magharibi. Mataji hakuwa na hasira juu ya hilo. Alisema tu, "Rangi za bango ni nzuri. Mimi nakufundisha nilichofundishwa."

Kisha akanifanyisha hesabu. Petali nne za chini, sita za pili, kumi za kitovu, kumi na mbili za moyo, kumi na sita za koo, mbili za nyusi. Jumla hamsini. Kila petali imebeba herufi moja ya Kisanskriti, na alfabeti yao kwa hesabu hiyo ina herufi hamsini. Mwili mzima ni alfabeti. Na herufi hizo zina jina la pamoja, matrika, akina mama. Nilinyamaza muda mrefu. Mtoto aliyesimamishwa darasani kwa ajili ya herufi moja alikuwa anaambiwa kwamba herufi ni mama, na ameketi ndani yako, chini kabisa, anakungoja umwite kwa jina lake.

Sikupewa bija nyingine. Mwezi wa tatu nilimwomba vam. Akaniuliza kuhusu kazi yangu, mbegu za miti tunazioteshaje. Nikamweleza juu ya mtiki, kwamba mbegu yake ni ngumu, kitaluni tunailoweka usiku na kuianika mchana, tunarudia siku kadhaa kabla ya kuipanda, na hata hivyo nyingine huchukua wiki nyingi kuchipua huku umekwisha kukata tamaa na kiriba. Nikamweleza pia juu ya sal, miti iliyojaa misitu ya Dehradun, ambayo mbegu yake usipoipanda ndani ya wiki moja hivi tangu ianguke imekufa. Akaniuliza, "Wewe ni ipi?" Nikasema mtiki. Akasema, "Basi rudi ukaloweke."

Ipo safari kamili ya bija zote, huiita bhuta shuddhi, utakaso wa asili tano. Ardhi inayeyushwa ndani ya maji, maji yanamezwa na moto, moto unaingia upeponi, upepo angani. Alinieleza mara moja tu, jioni, tukiwa ghatini, kwenye ngazi za kushukia mtoni, tunatazama watu wakiachia majini vibakuli vya majani vyenye maua na utambi unaowaka. Hakunifundisha kuifanya. Alisema hilo ni jambo la mtu aliyepewa diksha, yaani kuingizwa rasmi, na gurumata au guru wake, mwalimu wake wa kiroho, na mimi nilikuwa mgeni wake, sikuwa mwanafunzi wa ukoo wake. Nililipokea. Kwangu ilikuwa heshima kuelezwa mpaka uko wapi.

Mama yangu ni Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, na nilipomsimulia kwa simu alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, unaabudu nini huko?" Swali lake ni la haki, na Mswahili yeyote, Mwislamu au Mkristo, ana haki ya kuliuliza. Sikumjibu kwamba ni mazoezi ya kupumua tu, ingawa ningeweza, na wengi hujibu hivyo. Ingekuwa uongo kwa Mataji. Kwake yeye lam si mazoezi. Ni mwili wa Devi, mungu wa kike, na kabla ya kuitamka husujudu. Nilimpelekea Mataji swali la mama kama lilivyo. Akaniambia nisiutamke ule wimbo wa kumsifu Devi anaoanza nao, ninyamaze anapouimba, na nikitaka niseme sala ya mama yangu wakati huo. Basi kila alfajiri, yeye akiimba, mimi nilikuwa nasema Salamu Maria kimoyomoyo. Halafu tunaungana kwenye lam. Mama alipoambiwa hivyo akasema, "Huyo mama ana adabu. Msalimie."

Usingizi ulirudi taratibu, kati ya wiki ya sita na ya kumi. Siwezi kuapa kuwa ni bija. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo, hilo linajulikana, na nilikuwa natoa pumzi ndefu mamia ya mara kwa siku. Nilikuwa nakula ulezi. Nilikuwa na mtu anayeniita binti. Ninachoweza kuapia ni kwamba paji la uso liliacha kuuma tangu siku niliyoshuka chini, na sikulirudia tena lile kosa la kuanzia juu.

Siku hizi naona matangazo kwa Kiswahili ya kufungua chakra: lam ya kuvuta pesa, yam ya kumrudisha mpenzi, unatuma ada kwa simu unatumiwa sauti. Yananiumiza. Ndani ya chumba kile sikuwahi kusikia pesa ikitajwa isipokuwa siku nilipojaribu kumlipa Mataji, akaurudisha mkono wangu. Alichokubali ni kimoja. Nilipoenda likizo aliniomba nimletee konzi ya ulezi wa shambani kwa mama, nami nikamletea, na akaupanda kwenye debe la mafuta lililokatwa, dirishani, karibu na tulsi yake, mrihani wa ibada.

Nilimaliza masomo 2018 nikarudi nyumbani. Mala anayo yeye, mimi nahesabu kwa vidole, pingili kwa pingili, kama alivyonifundisha siku ya mwisho. Bado ni lam. Bado nyakati nyingine, nikiwa na homa au hasira, ni ram, na ninaisikia mwenyewe sasa, naanza upya.

Desemba ile Tarime nilimkuta mtoto wa kaka yangu, wa miaka saba, amejificha nyuma ya ghala na daftari. Shuleni wamemcheka. Nilichuchumaa mbele yake, nikafungua mdomo wangu wazi, nikamwonyesha ulimi uko wapi, nyuma ya meno, umekaa, hauondoki. Akachungulia ndani kwa makini kabisa. Akajaribu. Tulijaribu hadi kuku wakaingia bandani.

Usiku, kitandani, gizani, nikamsikia anahangaika na ulimi. Kisha akasema polepole, "Lala sarama, shangazi."

Nikamwambia, "Lala salama." Nikapunguza utambi wa taa.